Posa ya Mteremkoni

Gari lilipita dirishani likirudi kinyumenyume, taratibu, wala halikuwa na dereva.

Mshenga, Mzee Gadiel, alikuwa ndio kwanza amefika kwenye sifa za kijana wake: mtulivu, mchapakazi, hana papara. Sebuleni kwa Mzee Elinami, kule Nkoaranga, hakuna aliyeendelea kumsikiliza. Lydia, binti aliyekuwa akiposwa, alikuwa ameingia muda huohuo na kreti ya soda kutoka kwenye gari hilo. Yeye ndiye aliyepiga yowe kwanza, ingawa dirisha lilikuwa nyuma yake.

Pikapu ikashuka mteremko, ikaikwepa mibuni kama inayoijua, ikaenda kulala kwenye migomba. Watu wote walikuwa salama. Kilichoumia ni posa.

Maana Mzee Elinami alistaafu udereva wa mabasi ya Nairobi bila ajali hata moja, na siri yake alimwambia kila mtu, hata asiyeuliza. Kanyaga breki, toa gia, vuta hendibreki, achia pedali taratibu gari liegemee, ndipo uweke gia na kuzima. Mlimani ongeza jiwe nyuma ya tairi. Kuegesha kwa gia peke yake, alisema, ni kumfunga ng'ombe kwa uzi. Lydia mwenyewe alifundishwa udereva na baba yake, na ilipita wiki nzima ya hendibreki kabla hajaruhusiwa kuwasha injini.

Mwaka jana alikuja kuposa Frederick, daktari wa mifugo, akaegesha kwa gia tu. Mzee alitoka kulisalimia gari kabla ya mgeni. Soda hazikufunguliwa. Lydia alilia sana, kisha akanyamaza, na mama yake akashukuru kwamba yamekwisha.

Kwa hiyo Bariki, muuza vipuri wa Ngaramtoni, aliyempenda Lydia tangu siku walipokutana kwenye mashindano ya kwaya, alikuja amejiandaa. Kila kitu alimuuliza Lydia kwa simu, naye akamwelekeza vizuri: hendibreki, gia, jiwe. Hata alimsisitiza asifunge milango kwa ufunguo, maana kwa baba yake kufanya hivyo ni kuwaita wenyeji wezi.

Sasa wote walikuwa wamesimama migombani. Mzee Elinami alifungua mlango wa pikapu, akachungulia.

"Hendibreki iko chini," alisema. "Gia iko fri. Na jiwe silioni."

"Nilivuta, mzee," Bariki alinong'ona. "Na jiwe niliweka."

Mzee Gadiel akamkanyaga mguu. Siku ya posa kijana hasemi, husemewa. Na mshenga anayejua kazi yake habishani na baba wa binti. Huomba radhi kwanza, mengine baadaye. Mzee Gadiel akavua kofia.

"Mzee mwenzangu, kijana wetu amekosa. Tunaomba msamaha."

Basi, kosa likapata mwenyewe. Bariki alibaki kati ya majani ya migomba, na kwa kweli alitia huruma.

"Mlisema hana papara," Mzee Elinami alijibu. "Mbona gari lake limeondoka kabla yake? Mimi simpi binti yangu mtu asiyejua kuacha kitu kikae mahali pake. Hata yule Frederick, na gia yake hiyo, gari lilikaa. Afadhali yeye."

Lydia akajifunika uso kwa kanga. Mabega yalimtikisika, akakimbilia jikoni. Shangazi zake walitaka kumfuata, mama yake akawazuia, akasema mwacheni mtoto alie amalize.

Jikoni, Lydia alifunga mlango kwa komeo, akatoa simu.

"Fredi," alisema kwa sauti ya chini. "Mtafute mshenga, mje Jumapili. Baba amekutaja mwenyewe. Na usihangaike kutafuta jiwe, ninalo hapa."