Mlango wa Bafuni

Mzee Mbonea alianguka bafuni, akaulalia mlango unaofunguka kwa ndani. Binti yake, Namsifu, aliusukuma kidogo, akamsikia akiguna kwa maumivu.

"Baba, niuvunje?"

"Mlango huu niliuchonga mwenyewe. Usiuguse!"

Tangu baba apate kiharusi, Namsifu alikuwa akimsihi waweke mlango mwingine mpana, wa kufunguka kwa nje. Kila mara alijibiwa kwamba nyumba hii si hospitali.

Sasa maji yalichuruzika chini ya mlango, na baba alikuwa kimya.

"Baba!"

"Nasikia baridi," alijibu kwa sauti ndogo. "Vunja, mwanangu. Anzia juu."

Namsifu alichukua shoka la kuni. Ubao wa juu ulipopasuka, alichungulia ndani. Baba alikuwa amefumba macho, kiganja chake kikiupapasa mlango taratibu.