Kanga Iliyosema Peke Yake

"Hodi," alisema Mwanamvua kwa mara ya tatu, na mlango wa shoga yake ukabaki umefungwa.

Mwezi mzima walikuwa hawasemezani. Asubuhi hiyo tu ndipo muuza kanga alipomsomea maneno ya doti aliyompelekea Kibibi alipojifungua: *Hodi yako naijua, mlango siufungui.* Kila mwanamke mtaani aliamini kwamba kanga humsemea aliyeitoa. Mwanamvua alikuwa amechagua rangi tu.

"Kibibi, nisemeshe japo kwa matusi! Mimi sijui kusoma."

Kisha komeo likalia, na Kibibi akachungulia, mtoto kifuani.

"Miaka yote hii, nawe hukuniambia?"

"Niliona haya. Nyinyi nyote mnasoma. Mimi niliipenda ile nyekundu ya komamanga, basi."

Kibibi alimkazia macho, kisha akacheka hadi mtoto akaamka. "Nami nimekusema mtaa mzima, mpaka kwa muuza maandazi!"

Alimkabidhi mtoto, akaingia ndani, akarudi na mkasi na doti ile ile, bado haijakatwa.

"Shika pindo."

Mkasi ukapita katikati. Kipande kimoja Kibibi alijifunga kiunoni. Cha pili akamtupia mwenzake begani.

"Na watu wakisoma?" aliuliza Mwanamvua.

"Waache waseme."

Wakatoka barabarani wamevaa sare, maneno yale makali yakiwa mgongoni kwa kila mmoja, na nyuma yao mlango umeachwa wazi.