Chembe Zafungua Mdomo

Walter alijifunika blanketi la hospitali mpaka puani na kutangaza kwamba samaki hamtaki.

"Kula kidogo, Baba Aoko," mkewe Lornah alimbembeleza. "Mbuta ya Luanda Kotieno hii. Mama ametuma."

"Haipiti kwa koo."

Lornah alimtolea miiba, akamlisha kwa vidole. Yeye mwenyewe hakuonja hata mchuzi. Alikalia stuli upande mmoja, maana nyonga bado ilimuuma, na mara kwa mara alimfuta Walter jasho kwa ncha ya leso. Bwana huyu, aliyezoea kubishana na soko zima la Kibuye, leo alitetemeka mpaka kitanda kikalia.

Walingoja neno moja tu. Kwamba ni saratani ya damu, tena ile ya mbio, lilikwisha kujulikana. Kilichobaki ni aina yake. Ipo aina ambayo dawa za wodi hii zingeiweza, na ipo ile ambayo daktari akiitaja hutazama sakafu. Jibu lingetoka Nairobi kwa basi, na mwaka huo wa 1993 basi lilifika lilipotaka.

Daktari Ndegwa alipoingia, Walter alifunika kichwa kabisa. Ikabidi daktari azungumze na Lornah.

"Kwa darubini chembe zote za damu zinafanana, Mama Aoko. Ndiyo tukataka Nairobi waangalie alama ziko juu ya ngozi ya chembe. Hizo alama zinasema chembe ni ya ukoo gani."

"Kama wazee wetu waliong'olewa meno kimila," Lornah alisema. "Akifungua mdomo, meno ya chini hakuna, huulizi kwao ni wapi."

Ndegwa alicheka. "Hivyo hivyo. Sasa hizi zimefungua mdomo. Ni ile aina inasikia dawa. Kazi iko, lakini tunaanza leo."

Kilio kikatoka chini ya blanketi. Walter alilia kwa furaha, bila haya, wodi nzima ikisikia, na Lornah akamsugua mgongo akimwambia basi, inatosha.

Muuguzi Nekoye akaja na toroli, chupa ya dawa ikining'inia juu yake. Alisimama miguuni pa kitanda, mkono kiunoni.

"Mzee Walter," alisema, "vaa viatu ushuke. Mama Aoko atalala wapi nikianza kumwekea dawa?"