Zizi la Tarishi

Kufikia Jumanne, mbuzi wote wa Mzee Senyagwa walikuwa wamekufa kwa ugonjwa. Majirani walikuja kumpa pole, wakavua viatu mlangoni. Walipotoka, hawakuvikuta.

Vilikuwa vimerundikwa zizini, na Tarishi, mbwa wa kuchunga, ameketi langoni kama kila jioni. Hakutaka mtu apite.

"Mbwa gani huyu!" alifoka Mama Chiku, jirani. "Mzee, tutolee viatu vyetu."

Mzee alipokaribia, Tarishi aliinuka akaanza kumvuta ndala mguuni. Mzee akazivua zote mbili, akazitia zizini pamoja na vile vingine, akafunga lango.

"Sasa ndiyo nini, Mzee?"

"Nivumilieni kidogo, jamani. Hajalala tangu Jumanne."

Tarishi alikuwa ameshalaza kidevu chini, jicho moja bado liko wazi.