Namba Themanini na Saba

"Mwaitu, majani yaliyokuwa ndani ya gazeti hili yako wapi?"

Nyamai aliuliza huku kijiko kimemganda mkononi. Jibu hakutaka kulisikia, maana sahani yake ilikuwa imebaki na mchuzi tu.

"Kunde zako?" Mama yake, Kaluki, aliyekuja juzi kutoka Kitui, akacheka. "Si umekula, mwanangu? Nilipoona ulivyozikausha vizuri nikajua umekumbuka nyumbani. Ila zina uchungu kidogo. Mizizi nimeitia motoni."

Kunde! Jamani, hazikuwa kunde. Ilikuwa namba themanini na saba, mmoja kati ya mimea mia mbili na kumi na miwili iliyotoka msitu mmoja tu wa kisiwani Pemba, na kila mmoja wa aina yake. Daktari Mbuthia, mtaalamu wa mimea aliyeichuma mwenyewe, alimkabidhi Nyamai, karani wa ghala la mimea ya utafiti, aikaushe. Lakini mwaka huo wa 1999 ulikuwa wa mgao wa stima, na kabati la kukaushia lilikuwa baridi wiki nzima. Nyamai akaibeba kimyakimya hadi kwake mtaani Tassia, akaipanga ndani ya magazeti juu ya joto la makaa. Kuitoa kazini kulikuwa kosa tayari. Kuila je? Kibarua kingeota nyasi siku hiyohiyo, na watoto watatu walimtazama yeye tu.

Daktari angekuja kuikagua kesho yake saa nane.

Kulipokucha Nyamai hakugusa hata chai. Alizunguka nyuma ya nyumba za kupanga akitafuta chochote cha kufanana na kunde, watu wakimshangaa. Hatimaye mtaroni, kati ya makopo na matope, akapata mmea: majani matatumatatu, ua dogo jeupe. Akarudi nao mbio, akautia ndani ya gazeti lile lile, akaukandamiza kwa pasi ya makaa, roho mkononi kila jani lilipobadilika rangi.

"Kwa mimea yote hiyo," alijipa moyo, "nani atakumbuka mmoja?"

Saa nane ghalani, Daktari Mbuthia alianza kufungua magazeti. Kila mmea aliutaja jina papo hapo, kama mama anayeita watoto wake. Themanini na nne. Themanini na tano. Nyamai akahisi maji yamemfika shingoni. Huyu mtu hasahau kitu!

Kwenye themanini na saba, Daktari hakutaja jina. Akasoma lebo. Akachukua kioo cha kukuzia, akainama.

"Bwana Nyamai, huu uliushika wewe?"

"Nili... niliukausha tu, Daktari."

"Hebu keti."

Nyamai akaketi. Akafungua kinywa akiri yote, aombe radhi, apige hata magoti.

Lakini Daktari alikuwa amevua miwani, anafuta machozi.

"Miaka thelathini nasoma mimea. Hiyo mingine yote naijua. Huu haumo katika kitabu chochote duniani, nami niliutia gazetini bila hata kuutazama mara mbili! Jumatatu tunarudi Pemba, watu kumi. Haturudi bila mbegu yake."

Kule mtaroni, Tassia, mmea huo ulikuwa umesimama mmoja tu, naye Nyamai alikuwa ameung'oa na mizizi yake yote.