Panya Mkali wa Chatu

Ngedere alimfuga Chatu, na Chatu alikuwa na maringo. Kwa kuwa panya aliye hai alishamng'ata Chatu mdomo, Ngedere akamletea panya aliyekwisha kufa.

"Mizoga wapelekee fisi," Chatu akasema. "Mimi hula nilichoua mwenyewe."

Siku ya kumi ya njaa, Chatu akaanza kumkodolea macho Ngedere.

Upesi Ngedere akaleta panya mwingine mfu, akamwanika juani hadi akapata joto, akamfunga kamba shingoni, akajificha kichakani na kuivuta kwa kuitikisatikisa. Chatu akamrukia panya, akamzonga, akambana mpaka yeye mwenyewe akahema.

"Umeona? Huyu alikuwa mkali!"

"Nimeona, bwana mkubwa. Nusura akushinde."

"Safari ijayo niletee mkali zaidi."

Ngedere akaenda kutafuta kamba ndefu zaidi.