Spika za Milembe

Skrubu ya mwisho ilipotoka, Ndaki alimshika fundi mkono.

"Polepole, mwanangu. Humo yumo mke wangu."

Constantine, aliyetoka Mwanza na vipuri vya kiwandani, alicheka. Kisha akaona mzee hacheki.

Spika zile mbili, ndefu kama watoto wa darasa la pili, Ndaki alizinunua kwa ng'ombe tisa mwaka ambao pamba ilikubali. Bariadi ilimcheka mpaka ikachoka. Lakini Milembe ndiye aliyewaimbia watu wakilima kwa mstari, na mumewe alitaka sauti ile itoke nzima. Milembe akafa. Zikabaki kanda zake.

Ndipo kiwanda cha Wazungu kilichozitengeneza kikatoa spika mpya, kikasema hizi zinamleta mwimbaji mpaka kifuani kwako, na za zamani hatuzigusi. Anayetaka, anunue upya.

Ndaki aliwaka. Hajasahau hata leo wakulima walivyoambiwa watupe mbegu zao za pamba, wanunue za wakubwa, na za wakubwa zikagoma kuota.

"Andika!" alimwamuru binti yake, Lucy. "Ng'ombe niliwapa wazima. Hamkuniambia mnaniuzia kitu cha kutupa. Sisi wa zamani ndio tuliowalea. Tuboresheeni hizi hizi!"

Barua kumi na saba. Miaka minne.

Jirani yake Machibya alikuwa akija kusimama naye uso kwa uso: "Wazungu wakusikilize wewe? Hata mbuzi wako hawakusikilizi!"

Wakasikiliza. Mteja wa zamani atafuatwa na fundi mpaka nyumbani, barua ilisema. Ndaki aliizungusha sokoni kama mtu aliyeshinda udiwani.

Sasa Constantine alikuwa amezamisha kichwa ndani ya sanduku, akieleza kirefu kila atakachofanya. Ndaki, nyuma yake, aliona mabega yanacheza, akaitika, "Eheni. Fanya."

Fundi akabadilisha koni zinazotoa sauti, akakaza mihimili, akabandika kwa gundi ubao mzito kila upande. Alipomaliza alimgeukia Lucy, anajifuta jasho.

"Ugonjwa ulikuwa kwenye sanduku, dada. Lilikuwa linatetemeka, linachafua sauti. Tumeliponya. Sasa limetulia tuli."

Lucy aliacha kutabasamu. "Ungeniuliza kwanza."

"Nimemweleza mzee mwenyewe. Amekubali."

"Na huo ubao, unatoka?"

"Hautoki. Ukiutoa unapasua sanduku zima."

Ndaki alikwisha kupiga magoti. Alilikumbatia sanduku kama anavyolikumbatia kila asubuhi, shavu kwenye mbao, akafumba macho. Watu walijua ni majonzi ya mjane. Hakuna aliyemcheka tena.

Constantine akabonyeza.

Sauti ya Milembe ikajaa nyumba, safi, hata pumzi anazovuta kati ya neno na neno. Mlangoni, Machibya akavua kofia. Fundi mwenyewe, aliyezoea spika, alitazama chini.

Ndaki akahamisha viganja. Juu. Ubavuni. Nyuma. Akabandika kifua chote.

"Lucy," akasema, macho bado kayafumba, "mwambie awashe basi. Namngoja mama yako."

Lucy akamgusa bega, akasubiri afumbue macho, apate kuusoma mdomo wake.